Asali Badala ya Maji

Kanyenye, Tabora

Kaka yangu Mhando,

Shikamoo. Najua marahaba yako itatoka kwa shida, kwa sababu sikuja kwenye harusi ya binti yako, na mara zote mbili uliponipigia simu kuuliza kulikoni nilianza kubishana hadi ukakata. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Simu unaikata, lakini ualimu haujakutoka; karatasi utaisoma mpaka mwisho, hata kama ni kwa ajili ya kunisahihisha.

Kwanza niambie habari za huko Handeni. Mguu wa mama umepata nafuu, au bado anawadanganya kwamba haumuumi? Wifi yangu amemaliza kupukuchua mahindi? Mimi ni mzima. Asubuhi za huku Unyamwezi zina baridi kavu inayopasua midomo, na vumbi linaingia hadi kwenye sukari, lakini nimezoea. Mwenye nyumba wangu ananiwekea uji nikirudi kazini, kisha ananisema kwa nini sili. Sina cha kulalamika, na wewe unajua kwamba mimi kusema hivyo ni habari kubwa.

Sasa nikueleze kilichonizuia. Kuna mtu alikuwa karibu kupoteza mkono wake wa kulia, na sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu. Nisingeweza kuja kucheza ngoma wakati jambo lile liko katikati.

Unajua kazi yangu hapa ni ufundi wa vifaa vya hospitali: vitanda vinavyolegea, mizani, mashine zinazokataa kuwaka. Mwaka jana nilifuatwa na Yustina, binti wa wafugaji wa Choma kule Igunga, ambaye ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Anawafundisha watu kutumia tena mikono iliyovunjika, iliyokatika, iliyopooza. Akaniambia, "Dada Semeni, nataka kitu cha kumfanyisha mtu mazoezi ya vidole, ambacho leo kitakuwa chepesi kama unyoya na baada ya miezi miwili kitakuwa kizito kama ndoo." Nikamuuliza mbona mna kifaa. Akanionyesha sanduku.

Kaka, sanduku lile lilinipandisha damu kichwani. Ndani yake kulikuwa na kifaa cha msaada kutoka ng'ambo, kizuri kukitazama, chenye springi zinazong'aa. Kimetengenezwa kwa kiganja kikubwa kuliko kiganja chochote kilichowahi kuingia chumba kile. Springi nyepesi kuliko zote ilikuwa nzito kwa mgonjwa aliyetoka kushonwa. Maelezo yake yako katika lugha tatu, na hakuna hata moja inayosemwa baina ya hapa na Kigoma. Kwenye kikao nilisema kwamba hilo si sanduku, ni jeneza lenye anwani nzuri. Bwana mmoja mwenye tai akatuomba tuwe na subira, kuna kifaa bora zaidi kiko njiani. Nikamjibu kwamba subira ni rahisi kwa mwenye mikono miwili. Hakuniangalia tena mpaka kikao kilipoisha. Basi nikaazimia kukitengeneza mwenyewe.

Kabla sijagusa msumeno, Yustina alinikalisha akanishika kidole cha kati. Akasema kidole hakina msuli wa kukikunja ndani yake. Nguvu yote iko huku juu, kwenye kigasha, chini ya kiwiko, na inashuka kwa kano nyembamba kama nyuzi, zinazopita kifundoni kupitia njia finyu na kwenda kujifunga kwenye mfupa wa kila kidole. Akanikamata kigasha, akaniambia nikunje kidole kimoja kimoja. Nikaisikia ile misuli ikitembea chini ya vidole vyake. Miaka thelathini nimeshika nyundo na kalamu, nimegombana na nusu ya nchi kwa mkono huu, na sikuwa nimewahi kuuliza unafanyaje kazi. Nilikaa pale nikifumba na kufumbua ngumi kama mtoto mchanga. Nimesoma vitabu vyote nilivyovipata vya wale wasafiri wa Kizungu waliopita hapa na misafara. Wanahesabu pembe, marobota ya nguo, shanga, waya. Wanahesabu mabega. Hakuna hata mmoja aliyetazama mkono wa mpagazi ukifunga mzigo akastaajabu. Na mimi niliyekuwa nawatukana kwa upofu huo nilikuwa kipofu vile vile.

Kifaa cha kwanza nilikitengeneza kwa ubao, vitanzi vitano vya ngozi laini vya kuvisha vidole, kamba inayopita juu ya kapi dogo, na chupa ya plastiki inayoning'inia upande wa pili. Mgonjwa akikunja vidole, chupa inapanda. Mpira wa baiskeli ningeweza kuupata bure, lakini mpira kadiri unavyovutika ndivyo unavyozidi kukaza, na mkono mgonjwa hudhoofu zaidi pale mwisho wa kufumba. Maji hayabadiliki, uzito wake ni ule ule mwanzo mpaka mwisho. Kila wiki Yustina anachora alama mpya kwenye chupa, mgonjwa anaongeza maji kidogo. Nilijiona nimemaliza kazi. Niliandika hata makala ya gazeti, nikawachapa wale wenye masanduku.

Ndipo akaja Maganga.

Maganga ni mrina asali wa Ipole, huko Sikonge, umri wake kama wangu. Alikuwa akichonga vifuniko vya mizinga, panga likateleza, likamkata kano mbili za kiganja. Daktari alizishona. Miezi mitatu baadaye Yustina akasema sasa aanze mazoezi yenye uzito, lakini akamwonya mbele yangu: kano iliyoshonwa ikikatika mara ya pili, vidole hivyo havitafumba tena. Maganga akauliza swali moja tu, kama atakuwa tayari kwa msimu wa kurina. Ana mizinga mingi porini, nayo hurinwa kwa mkono wake. Mdogo wake anajua kupanda mti, hajui kuingiza mkono.

Aliponiuliza mimi ni wa wapi, nikamwambia Mzigua wa Handeni. Akageuka kwa wagonjwa waliokuwa kwenye benchi.

"Jamani, nimeponea panga, sasa nakwenda kufa kwa Mzigua."

Unaujua utani wetu na Wanyamwezi, kaka, tangu babu zao walipopita kwetu na mizigo wakienda pwani. Nikamwambia atulie, babu zake walipita kwetu wakiomba maji, na leo mimi nampa maji kwenye chupa, ayanyanyue tuone. Akasema Mzigua hajawahi kutoa maji bila kuyaonja kwanza. Benchi zima likacheka. Tangu siku ile kila alipokuja kliniki ilikuwa hivyo. Alinitangaza kuwa mwizi wa kuku, nikamtangaza kuwa mzigo uliosahaulika njiani. Mkono wake ukawa unakunjika vizuri. Tukampa kifaa aende nacho Ipole, na alama ya mwezi mzima imechorwa kwenye chupa.

Aliporudi, mkono ulikuwa umevimba hadi kifundoni. Vidole viwili vilikuwa havifiki kwenye kiganja. Yustina akavibonyeza kimoja kimoja. Mimi sikumngoja amalize. Nilimwambia amezidisha maji. Akasema hajazidisha. Nikamwambia mkono hauvimbi kwa dua.

"Wewe ni mwongo, Maganga. Umetaka sifa ya kubeba kizito, na mkono huu utaupoteza kwa kiburi chako."

Benchi likacheka kama kawaida. Maganga naye akacheka, kisha akanitazama usoni, na nikaona akielewa kwamba safari hii haukuwa utani. Kicheko kikamtoka taratibu. Akaufunga mkono kwa kitambaa.

"Asante, mama," akasema.

Mama. Heshima safi kabisa, kaka, na sijawahi kupigwa kofi zito kama lile.

Siku mbili baadaye alikuja mkewe, Mama Kulwa, amepanda basi kutoka Ipole na kifaa changu kimefungwa kwenye kanga. Hakunisalimu. Akakiweka mezani, akafungua.

"Umemwita baba Kulwa mwongo mbele ya watu. Chupa hiyo hapo. Alama hiyo hapo. Onyesha palipozidi."

Hapakuwa palipozidi. Kilichokuwamo kilifika kwenye alama kama kilichopimwa kwa rula. Ila hakikuwa maji. Nilikiinua kwenye mwanga, kikawa cha rangi ya kahawia iliyoiva, na kiputo kimoja kikaanza kupanda ndani yake polepole kama mzee anayepanda ngazi.

Nikauliza ni nini. Akaniuliza kama macho yangu yana kasoro. Kisha akanieleza, kama unavyomweleza mtoto: kisima cha karibu kimekauka, maji anayafuata mwendo wa asubuhi nzima, na watoto wakirudi shuleni walikuwa wakiinywa ile chupa. Asali iko ndoo nzima nyumbani, imekatazwa kuguswa mpaka mnunuzi aje, kwa hiyo kila mtoto anaiogopa. Mumewe akajaza asali, hadi kwenye alama, na kila jioni akanyanyua idadi ile ile aliyoambiwa, bila kupunguza wala kuongeza.

"Ulisema ijae mpaka hapo," akasema Mama Kulwa. "Hukusema ijae nini."

Kaka, lita ya maji ni kilo moja. Lita ya asali inakaribia kilo moja na nusu. Fundi yeyote angeweza kulijua hilo, na mimi nililijua. Lakini niliyewatukana watu wa ng'ambo kwa kuandika maelezo wasiyoyaelewa wagonjwa wa Tabora, niliandika maelezo yangu kana kwamba kila nyumba ya Sikonge ina bomba uani. Na mtu aliyetii alama yangu kwa uaminifu, nikamwita mwongo.

Kliniki iliyofuata nilisimama mbele ya benchi lile lile. Nikasema nilimwita Maganga mwongo, mwongo hakuwapo, aliyekuwapo ni fundi asiyejua kuandika maelezo. Nikamwomba radhi. Yustina alikuwa amekwisha kumpima: kano hazikukatika, zilikuwa zimevutika na kuvimba, mapumziko ya wiki tatu, kisha kuanza upya kabisa, kama anayeanza leo. Msimu wa kurina ulikuwa umebaki miezi mitatu na siku chache.

"Yameisha, mama," akanijibu Maganga.

Hayakuwa yameisha. Yangekuwa yameisha angeniita mwizi wa kuku.

Ile chupa ilibaki mezani kwangu karakanani. Siku nyingi sikufanya kitu ila kuipindua na kukitazama kiputo. Ukiipindua kwa ghafla, asali inakataa. Ukiinamisha taratibu, inakwenda. Nilirudia mpaka chai ikapoa. Ndipo nikachukua mabomba mawili makubwa ya sindano, yale yasiyo na ncha ambayo wauguzi hulishia wagonjwa, nikajaza asali katika moja, nikayaunganisha kwa mpira mpana, na katikati ya mpira nikafunga kibano cha mbao chenye skrubu. Ukilisukuma bomba hili kwa kiganja, asali inapita kwenye kibano na kuhamia bomba la pili. Ukikaza skrubu, njia inakuwa nyembamba na kazi inakuwa ngumu. Ukilegeza, inakuwa nyepesi.

Nikaminya kwa namna ninayoijua mimi, kwa nguvu na haraka. Kikagoma kama ukuta. Nikaminya tena kwa hasira, kikagoma zaidi. Nikaulegeza mkono, nikasukuma taratibu kama ninayemfinya mtoto shavu, na kikanipokea, kikaenda chote mpaka mwisho. Nilipoacha, hakikunirudishia kitu. Hakuna springi inayovuta, hakuna chupa inayoning'inia. Mtu akichoka anaacha, na kifaa kinamngoja. Mwenye pupa hakimpi njia. Kaka, nimeshindana na wakuu wa idara, wahariri, na wewe. Sijawahi kushindwa kwa adabu namna ile. Nilivuta kiti nikakaa mbele ya kitu nilichokitengeneza mwenyewe, na nilihisi kwamba kuna aliyekitengeneza kabla yangu, nyuki kwa nyuki, ua kwa ua, na mimi nimeongeza skrubu.

Sitakuficha, bado nilikosea. Asali ilikuwa nzito mno kwa mkono wa wiki ya kwanza, nikaichanganya na maji. Baada ya siku kadhaa bomba likaanza kusogea lenyewe. Maganga alipokuja akalinusa, na kwa mara ya kwanza niliona kitu kikitaka kucheza mdomoni mwake.

"Mama, hii imekuwa wanzuki. Mgonjwa akimaliza mazoezi atalewa."

Benchi likaangua kicheko. Yeye akajizuia. Lakini juma lililofuata alikuja na vibuyu vitatu vya asali, akachovya kijiti katika kila kimoja, akakiinua kwa mkono wa kushoto, akatazama uzi unavyoshuka. Moja ilishuka upesi, ya pili kwa kusitasita, ya tatu ikaning'inia kama haitaki kuachana na kijiti. Hii ya mgonjwa mpya, akasema, hii ya mwezi wa pili, hii ya mtu aliyepona anayetaka kujivuna. Hakuchanganya kitu. Akaniambia pia kwamba asubuhi ya baridi asali yote huwa ngumu, kwa hiyo mazoezi yafanywe jua likishapanda, au bomba likae kwanza kwapani. Ulaya nzima haikuniandikia hayo kwenye sanduku. Nikayaandika yote kwenye karatasi ya maelezo, na safari hii nilimpa Mama Kulwa aisome kwanza, akanisahihisha mahali pengi kuliko wewe.

Maganga akasukuma asali kwa miezi miwili. Vile vidole viwili vikaanza kufika kwenye kiganja, kimoja kwanza, kisha cha pili. Yustina akamruhusu kwenda porini, lakini akasema hajui kitakachotokea, kwa sababu kuwa na nguvu ni jambo moja, na kushika ni jingine. Nikaomba niende. Ilikuwa wiki ile ile ya harusi ya mwanao. Nisamehe, au usinisamehe, lakini ujue nilikuwa wapi.

Tulifika kwenye mzinga wa kwanza jua likiwa limeinama. Mdogo wake aliushusha kwa kamba, mzinga wa gome, mzito, unaunguruma kama tumbo la mashine. Wakapuliza moshi. Nilikuwa nimesimama mbali kidogo, nimejifunika kanga mpaka puani. Maganga akavua glavu ya kulia. Mdogo wake akamsihi aivae. Akasema sega jipya halishikwi kwa glavu, ni laini kuliko ugali wa mtoto. Ukilishika kwa woga linaanguka, ukilikaza linapasuka, asali inawazamisha nyuki na waliobaki wanakuja kukuuliza sababu. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

Alikaa hivyo muda mrefu. Nilikuwa natazama kigasha chake, pale Yustina aliponifundisha kutazama, na nikaiona misuli ikitembea chini ya ngozi, mmoja, wa pili, wa tatu. Kisha mkono ukaanza kutoka. Ulitoka na sega jeupe pana kama sahani, limejaa, limezibwa kila tundu, na nyuki wachache wakitembea juu yake na juu ya vidole vyake bila wasiwasi, kana kwamba hawajui sega linaishia wapi na mkono unaanzia wapi. Akaliweka kwenye sinia. Nikasogea, nikasahau nyuki. Nikatafuta alama ya vidole juu yake. Hapakuwa na hata moja. Vile vidole viwili nilivyokaribia kuviua vilikuwa vimelibeba sega lile na havikuacha jeraha.

Kaka, nililia. Si machozi ya kupangusa ukaendelea kusema. Nilisimama juu ya sinia lile kama niliyeitwa mahali patakatifu na viatu vyangu bado miguuni.

Maganga akanitazama, mkono wake umelowa mpaka kifundoni.

"Wewe Mzigua," akasema, "kalilie kule. Asali haiwekwi chumvi."

Nimsalimie nani kwanza? Mama, mwambie naomba asisimame jikoni mguu ukiwa umevimba. Wifi yangu, mpe pole na hongera kwa harusi aliyoibeba peke yake. Bibi harusi mwambie kitenge chake kiko kwangu, na mumewe asidhani shangazi asiyeonekana hayupo. Shangazi yetu wa Mkata, na mjomba anayesema vitabu vimeniharibu, wasalimie wote wawili kwa sauti moja ili wasigombane.

Katika basi linaloleta barua hii mtapokea kindoo cha asali. Ni ya mzinga ule, na si mimi niliyeituma. Maganga ameituma kwa mama, na ujumbe huu niupeleke kama ulivyo: kwamba alizaa fundi, akachoka kabla ya kumfunza adabu, na Wanyamwezi ndio wanaomalizia kazi.

Msomee. Nataka nisikie alivyojibu.

Ni mimi mdogo wako,

Semeni